Fani ya ununuzi na ugavi: anzia stoo

Vijana wengi wanaokuja kuuliza kuhusu fani hii hutaka kujua habari za zabuni na mikataba mikubwa. Mimi huwauliza kwanza kama wamewahi kupokea mzigo. Wengi hucheka, wakidhani natania.

Mwenyewe nilianzia stoo. Wiki ya kwanza kazini, dereva alileta katoni 60 za karatasi za A4 saa nane mchana, jua linachoma, akanihimiza nisaini maana ana safari nyingine. Nikasaini. Jioni nafungua katoni za chini, tatu zina rimu nne nne badala ya tano. Aliyetuuzia alipopigiwa simu aliuliza neno moja tu: "Kwani wewe ulisaini nini?" Tangu siku hiyo nahesabu kwanza, dereva apige honi apendavyo.

Baada ya kupokea, jifunze kupiga hesabu ya gharama yote, maana bei iliyoandikwa kwenye profoma, yaani hati ya bei anayokupa muuzaji kabla hujanunua, ni sehemu yake tu. Chukua mfano wa kiwanda kidogo cha kusaga na kufungasha unga pale Morogoro kinachohitaji mifuko 5,000. Muuzaji wa Dar es Salaam anauza mfuko shilingi 600, unalipa kwanza, mzigo unafika baada ya wiki tatu. Wa Morogoro anauza 650, analeta mwenyewe, mifuko mibovu anabadilisha, na unamlipa baada ya siku 30. Haraka haraka unaona Dar utaokoa 250,000. Sasa ongeza usafiri, tuseme 120,000. Mifuko mitatu kwa kila mia ikitoka imechanika, hiyo ni 90,000 nyingine. Na ile milioni tatu uliyotanguliza, kama umeikopa kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, kwa zile siku 51 za tofauti itakula kama 75,000. Jumla 285,000. Wa Morogoro ndiye nafuu, na hapo hatujagusa siku ambazo mashine italala ikisubiri mifuko.

Swali linalofuata ni uagize lini. Kiwanda kikitumia mifuko 400 kwa wiki, na muuzaji huchukua wiki tatu kuleta, ukisubiri hadi ibaki 400 umeshachelewa. Zidisha 400 kwa tatu, ongeza akiba ya wiki moja: ikifika 1,600, agiza. Na uagize kiasi gani kwa mara moja? Mhandisi Mmarekani Ford W. Harris alitoa kanuni yake mwaka 1913, na bado tunaifundisha: zidisha mahitaji ya mwaka kwa gharama ya kuagiza mara moja, zidisha kwa mbili, gawa kwa gharama ya kutunza mfuko mmoja mwaka mzima, kisha tafuta kipeuo cha pili. Mahitaji yakiwa 20,000, kuagiza kukigharimu 50,000 na kutunza shilingi 80, jibu ni 5,000. Yaani oda nne kwa mwaka. Mabosi wengi hawaijui kanuni hii, na ndiyo maana stoo zao ama zimefurika ama zina buibui.

Kwa upande wa vyeti, Tanzania kazi hii inasimamiwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, iliyoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2007. Bodi husajili wataalamu na kutoa mitihani ya kitaaluma mwezi Mei na Novemba. Shahada ya chuo peke yake haimalizi safari. Kenya wenzetu wana KISM, taasisi yao ya wataalamu wa ugavi. Anayetaka kuuzia serikali naye hana budi kujisajili kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao uliochukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS, mwaka 2023, na kuisoma Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka huohuo. Asome hasa sehemu ya makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu wametengewa asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kila mwaka, lakini vikundi vingi havijui hata pa kuanzia.

Asilimia nyingine, ile kumi ya rushwa inayosemwa kwa kunong'ona, utakutana nayo mapema kuliko unavyodhani. Kinga yake ya kwanza ni makaratasi: nani aliomba, nani alipendekeza bei, nani alipokea. Watu watatu tofauti, sahihi tatu.

Kama bado huna kazi, au una duka tu, nunua daftari. Kila unapoagiza, andika tarehe ya kuagiza, tarehe mzigo ulipofika, idadi uliyoomba na idadi uliyopokea. Baada ya miezi mitatu utajua "kesho kutwa" ya kila muuzaji ina siku ngapi.