Vipele visivyoisha na visivyojulikana chanzo: maswali na majibu

Hapa Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Panzi, mtu akitokewa na vipele hupita njia ileile: kwanza mafuta ya mawese au majani ya mubirizi, halafu pomadi kutoka farmasi ya karibu, halafu pomadi nyingine aliyoelekezwa na jirani. Miezi inapita, pesa inaisha, ngozi imebadilika rangi, na bado hakuna anayejua ugonjwa wenyewe ni upi. Haya ndiyo maswali yanayoulizwa zaidi.

Nimejipakaa kila kitu na vipele vinarudi. Sasa nitafute dawa gani?

Usinunue nyingine kwanza. Magonjwa mengi ya ngozi yanafanana kwa macho, na dawa inayoponya ugonjwa mmoja inaweza kuuchochea mwingine. Kinachokosekana si tyubu ya sita, ni jina la ugonjwa.

Ukienda kituo cha afya, chukua mfuko utie ndani kila tyubu, chupa, kimiminika na sabuni uliyotumia, hata iliyokwisha, hata ile ya kung'arisha ngozi ambayo unaona haya kuitaja. Muganga akivipanga mezani na kusoma majina yake, mara nyingi anapata nusu ya jibu kabla hujavua shati. Nusu nyingine iko kwako: vilianzia wapi mwilini? Vinawasha saa ngapi? Nani mwingine nyumbani anajikuna? Kabla havijaanza, ulikuwa umeanza kumeza dawa gani mpya?

Vinawasha usiku kuliko mchana, na watoto nao wanajikuna.

Hapo fikiria upele wa wadudu kabla ya kitu kingine chochote (kwenye karatasi ya muganga utaona umeandikwa *gale*). Ni kidudu kidogo sana kinachochimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Tazama katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni panapokaa mshipi, kwenye makalio, kwenye sehemu za siri za mwanaume na kuzunguka chuchu za mwanamke. Ukiona vijistari vyembamba vilivyopinda, vifupi kuliko ukucha, huenda ndiyo njia yake.

Watu wanachanganyikiwa kwa sababu anayeupata mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kuwashwa, huku tayari anaambukiza wenzake. Ndiyo maana kumtibu mmoja hakusaidii. Nyumba ambamo watu watano wanalala chumba kimoja inatibiwa yote siku moja: baba, mama, watoto, na yule binamu aliyekuja juzi, anawashwa au hawashwi.

Dawa zipo na zinaponya. Krimu ya permetrini hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayo, ikalala mwilini usiku mzima, kisha ikarudiwa baada ya wiki moja au mbili. Benzili benzoati nayo ni nzuri, lakini kwa watoto huchanganywa na maji kulingana na umri, kwa hiyo uliza kipimo. Ivermektini ya kumeza hutolewa kwa uzito. Haipewi mama mjamzito wala mtoto asiyefika kilo 15. Watu husahau chini ya kucha na katikati ya vidole vya miguu, na ukinawa mikono usiku, ipake tena.

Asubuhi yake fua mashuka na nguo kwa maji ya moto, uanike juani. Maji yakiwa shida, na mitaa mingi tunajua ni shida, funga blanketi ndani ya mfuko wa plastiki uliobana kwa siku kadhaa: kidudu hiki nje ya mwili wa mtu kwa kawaida hakimalizi siku tatu. Halafu uvumilie. Kuwashwa kunaweza kuendelea wiki mbili hadi nne hata wadudu wakiwa wamekufa wote. Wengi huona dawa imeshindwa, wakajipaka kila siku mpaka ngozi ikaungua.

Pomadi ya farmasi inatuliza siku tatu, halafu vinarudi vikali zaidi. Kwa nini?

Soma boksi. Ukikuta *clobétasol*, *bétaméthasone* au *dexaméthasone*, hiyo ni pomadi yenye kotizoni. Kotizoni inazima kuwashwa na wekundu haraka sana, na hapo ndipo inapodanganya. Kama ugonjwa wako ni choa, yaani yale mabaka ya duara yenye ukingo ulioinuka, ambayo ni fangasi, kotizoni inaulaza ulinzi wa ngozi na fangasi inapata nafasi ya kusambaa. Duara linapotea, baka linapanuka bila umbo, na hata muganga mzoefu anaweza asilitambue. Tyubu zinazochanganya kotizoni, dawa ya fangasi na antibiotiki kwa pamoja zinauzwa kila kona kwa sababu zinaonekana kutibu kila kitu. Mimi naona zimewaumiza watu wengi kuliko zilivyowaponya.

Choa hutibiwa kwa dawa ya fangasi peke yake, kama klotrimazoli au mikonazoli, mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne, bila kuacha siku ile kinapoonekana kimepona. Kikiwa kichwani kwa mtoto, pomadi haitoshi. Anahitaji dawa ya kumeza.

Kotizoni hiyohiyo imo ndani ya mafuta mengi ya kujichubua. Mtu anayeyatumia miaka hupata ngozi nyembamba, michirizi, chunusi na vipele ambavyo chanzo chake ni mafuta yenyewe. Usiyakatize ghafla peke yako, hasa ya usoni: ngozi inaweza kuwaka. Mwambie muganga wazi, akupangie namna ya kuyapunguza.

Si mpox?

Tangu mlipuko wa Kamituga ulioanza 2023, kila kipele kinatisha, na hofu hiyo ina sababu. Lakini mpox mara nyingi huja pamoja na homa, tezi kuvimba, na malengelenge yenye maumivu, ambayo yanaweza kutokea usoni, viganjani au sehemu za siri. Kwa kawaida inakwisha ndani ya wiki mbili hadi nne. Vipele vya miezi mitano si kawaida yake. Vikiwa vipya na una homa, kaa mbali na wenzako na uende ukapimwe.

Inaweza kuwa kitu ninachogusa?

Ndiyo. Sabuni ya unga inakula mikono ya mama anayefua, saruji inakula ya fundi, na kifungo cha chuma cha suruali huacha baka chini ya kitovu palepale kinapogusa. Mahali kipele kilipo panakuonyesha pa kuanzia. Kama mtoto ana ngozi kavu inayopasuka kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na nyumbani kuna mwenye asma, huenda ni pumu ya ngozi. Haitoki mara moja ikaisha, lakini inatulizwa: aoge kwa muda mfupi, kwa sabuni isiyo na manukato, apakwe vazelini mwili ukiwa bado na unyevu.

Na majani ya mubirizi?

Sitakukataza kunawa kwa majani ambayo nyanya yako aliyatumia, mradi kidonda hakijafunuka na usiache kutafuta jina la ugonjwa. Ila mafuta ya taa, jiki na maji ya betri hapana, hata tone moja. Vinachoma, na kuchomwa kwa mtoto ni hatari kuliko upele aliokuwa nao.

Wananiambia nipime damu. Wanafikiri nina ukimwi?

Vipele vinavyowasha mikononi na miguuni kwa miezi vinaweza kuwa dalili ya VVU. Vile visivyowasha viganjani na nyayoni vinaweza kuwa kaswende. Vyote viwili vina dawa: kaswende inapona, na mwenye VVU akianza dawa ngozi yake mara nyingi inatulia pia. Kubali kipimo. Na ukiwa na baka lililofifia rangi, ukaligusa kwa pamba bila kuhisi kitu, sema siku hiyohiyo. Huenda ni ukoma, na dawa yake hutolewa bure.

Lini nisingoje hata kesho?

Ngozi ikianza kubabuka, midomo na macho yakitoka vidonda, hasa baada ya kuanza dawa mpya kama kotrimoksazoli au nevirapini: acha dawa hiyo, nenda hospitali. Vivyo hivyo uso ukivimba na pumzi ikibana, au kama ni mtoto mchanga mwenye homa.

Nimepimwa, hakuna kilichoonekana.

Kama ni vivimbe vinavyokuja na kupotea, zungushia kimoja kwa kalamu ya biki. Kikitoweka kabla ya saa 24 na kingine kuota pembeni, na hali hiyo imepita wiki sita, ni urtikaria sugu. Mara nyingi chanzo chake hakipatikani kabisa, na bado inatibika: setirizini au loratadini kila siku, si siku ya kuwashwa tu. Kama vinakaa palepale, rudi na mfuko wako wa tyubu, uombe kuonana na daktari wa ngozi au kukatwa kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Piga picha kwa simu siku vinapokuwa vibaya zaidi, kwa sababu siku ya miadi ndiyo siku ambayo vipele hujificha.