Maikrowevu na Utengenezaji wa Polipeptidi: Maelezo kwa Maabara za Kisumu na Nakuru

Maombi ya ushauri kuhusu kutengeneza polipeptidi (minyororo ya asidi amino, vijenzi vya protini) kwa maikrowevu yameongezeka, na malalamiko yamekuja pamoja nayo: peptidi chafu, chupa zilizopasuka, mabaki yaliyomwagwa kwenye sinki. Tunaamini wanaotuandikia wana nia njema. Hata hivyo barua nyingi zinataja maikrowevu ya jikoni, basi hilo lijibiwe kwanza.

Maikrowevu ya jikoni isitumike kabisa. Mawimbi yake ni yaleyale ya gigahezi 2.45, lakini mashine hiyo huwaka kwa nguvu zote, ikazima, ikawaka tena. Haipimi joto la kimiminika, haikorogi, na swichi zake huweza kutoa cheche. Mvuke wa DMF, kiyeyushi tunachotumia, huweza kushika moto kuanzia nyuzi 58, nasi tunafanya kazi kwenye nyuzi 90. Mashine ya maabara hupima joto mfululizo na kupunguza nguvu inapohitajika. Na tuseme tena, maana swali hili haliishi: mawimbi hayabaki ndani ya peptidi wala hayaipi mnururisho. Yanaleta joto, basi.

Mzunguko wenyewe, wa kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine, unafuata njia aliyoitangaza Bruce Merrifield mwaka 1963: mnyororo hukua ukiwa umeshikizwa kwenye punje za resini (aina ya plastiki), na kilichozidi huoshwa. Kwa kipimo cha milimoli 0.1, chukua miligramu 200 za resini yenye uwezo wa milimoli 0.5 kwa gramu, uiache ivimbe ndani ya DMF. Ondoa kinga ya Fmoc (kipande kinachozuia asidi amino isiungane kabla ya wakati) kwa mililita 4 za piperidini ya asilimia 20, nyuzi 90, dakika moja, kisha osha vizuri. Tia mililita 2.5 za asidi amino ya molari 0.2, mililita 1 ya DIC ya molari 0.5 na nusu mililita ya Oxyma ya molari 1; DIC na Oxyma ndizo zinazowezesha kuungana. Nyuzi 90, dakika mbili. Bila maikrowevu hatua hiyo ya kuunganisha huchukua nusu saa hadi saa nzima. DIC na Oxyma zikikutana huweza kutoa sianidi ya hidrojeni, kwa hiyo bomba la hewa chafu liishie ndani ya kabati la kufyonza mvuke, si dirishani.

Wengi huvutiwa na kasi, ilhali faida kubwa iko kwenye hesabu. Peptidi ya asidi amino 30 ina maungio 29. Kila ungio likifaulu kwa asilimia 99, minyororo kamili itakuwa asilimia 75. Likifaulu kwa asilimia 95, ni 23 tu. Joto husaidia hapo kwa kuachanisha minyororo iliyoshikana. Lakini joto hilohilo huharibu. Asidi amino za sisteini na histidini hugeuka kutoka umbo la L kuwa D, yaani taswira yake ya kioo, kwa hiyo ziunganishwe kwenye nyuzi 50, hata ikichukua dakika kumi. Arijinini hujifunga pete kabla haijaungana. Iunganishe mara mbili. Asidi aspatiki ikifuatwa na glaisini hutengeneza aspatimidi (pete isiyotakiwa) kila piperidini ya moto inapopita. Shusha joto la hatua hiyo au tumia piperazini badala ya piperidini. Spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, haionyeshi L iliyogeuka D, kwa kuwa uzito haubadiliki. Ripoti inayosema tu kwamba "masi imelingana" haithibitishi usafi, nasi hatutaikubali.

Hali ya hewa yetu nayo ina lake. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hapo etha (kiyeyushi cha kuitenganisha peptidi mwishoni) huchemka karibu na nyuzi 31, joto ambalo mchana mkali hulifikia. Ipoze chupa kwenye barafu kabla ya kuifungua, wala usiiweke kwenye friji ya kawaida, ambayo vidhibiti vyake hutoa cheche. DMF iliyokaa kwenye joto na unyevu hutoa dimethilamini, nayo huondoa Fmoc kabla ya wakati. Ikianza kutoa harufu ya samaki, usiitumie. Stima ikipotea katikati ya mzunguko, toa piperidini kwa mkono mara moja, osha, na uache resini ndani ya DMF.

Kuhusu taka, tusomeke vizuri. Mabaki ya DMF na piperidini yana mtungi wake. Asidi ya trifluoroasetiki, inayotumika kung'oa peptidi kwenye resini, ina mtungi mwingine. Asidi na piperidini zikikutana huchemka. Kila mtungi uwe na lebo yenye majina ya kemikali, kiasi, tarehe ya kuanza kujazwa na jina la mhusika. Kifungu cha 141 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 kinaweka faini isiyopungua shilingi milioni moja, au kifungo kisichopungua miaka miwili, au vyote viwili, kwa asiyesimamia taka hatari inavyotakiwa. "Ilikuwa kidogo tu" si utetezi.

Piperidini na etha ziko pia kwenye Jedwali la II, orodha ya kemikali zinazofuatiliwa, la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 kuhusu dawa za kulevya. Andika kwenye daftari kila mililita inayoingia na kutoka, na sahihi mbili.

Na wanaouliza kama peptidi za kupunguza uzito zinaweza kutengenezwa hivi na kudungwa: haziwezi kuruhusiwa. Kinachotoka kwenye mashine hii kina mabaki ya asidi na vipande vya minyororo, na hakijatakaswa vijidudu. Dawa ya kudunga husajiliwa kwanza na Bodi ya Dawa na Sumu. Kila chupa ya peptidi itokayo maabara iandikwe "Si kwa matumizi ya binadamu wala mnyama" kabla haijaingia friji.