Kombe la vyuo Marekani: msilione dogo

Vijana ninaowafundisha wakisikia skolashipu ya mpira Marekani swali la kwanza ni "kocha, MLS unaingiaje kutokea pale", yaani ligi kuu ya Marekani, nami nawaambia tulieni kwanza, tuongelee kombe la vyuo lenyewe, maana hapo ndo maskauti wanapokodoa macho.

Iko hivi: Divisheni ya Kwanza ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inatoa timu 48, baadhi zinaingia kwa sababu ni mabingwa wa konfarensi zao, yaani ligi za makundi ya vyuo, na waliobaki wanachaguliwa na kamati. Timu 16 bora zinaruka raundi ya kwanza. Kuanzia hapo ni mtoano mtupu, mechi moja, hamna marudiano, ukifungwa unafungasha virago. Nne za mwisho zinakutana mji mmoja mwezi wa 12, ndo wanaita College Cup.

Kinachowachanganya watu wetu ni saa. Kwa miaka mingi dakika zimekuwa zikishuka ubaoni kutoka 45 mpaka sifuri, na sifuri ni sifuri kweli, refa anaweza kusimamisha saa lakini hamna zile dakika nne za kuomba Mungu. Halafu aliyepumzishwa benchi anaweza kurudi uwanjani, kwa hiyo kocha mwenye benchi refu anawakimbizeni mpaka mwisho. Ndo maana mimi nikimpima kijana wa kwenda kule naangalia pumzi kabla ya chenga.

Na mtoano hauna adabu kwa wakubwa. Chuo cha Vermont 2024 hawakuwemo kabisa kwenye zile 16, fainali wakatanguliwa na chuo cha Marshall, wakasawazisha, wakamaliza kazi 2-1 dakika za nyongeza, ubingwa wao wa kwanza. Wetu pia wanafika huko, Mkenya Philip Mayaka alicheza chuo cha Clemson na mwaka 2021 akachaguliwa wa tatu kwenye drafti ya MLS, pale klabu zinapochagua vijana kwa zamu, na klabu ya Colorado Rapids.

Ila stori ninayotaka kila kijana wangu aijue ni ya Howard, chuo cha watu weusi pale Washington. Kocha wao Lincoln Phillips alikuwa Mtrinidad, na kikosi kilijaa vijana wa Karibiani na Afrika. Mwaka 1971 waliwafunga chuo cha Saint Louis 3-2 kwenye fainali, Saint Louis hao hao waliokuwa wababe wa kombe hili tangu lianze 1959, halafu baadaye NCAA ikawavua ubingwa kwa madai kwamba baadhi ya wachezaji hawakustahili kucheza. Inauma, hata leo nikiisimulia inauma. Hawakususa, 1974 wakarudi, mechi 19 wakashinda zote 19, na fainali wakakutana na nani, Saint Louis tena, tena mjini kwao. Ikaenda mpaka kipindi cha nne cha nyongeza, miguu imekwisha, ndipo Mnaijeria Kenneth Ilodigwe akafunga la pili, 2-1, na ubingwa huo uko kwenye rekodi mpaka leo.