Hija ni nini hasa? Mtakatifu Yakobo na ile njia ya Compostela

Jumamosi kwenye jumuiya, huku kwetu Ipogolo Iringa, mama mmoja aliuliza mbona picha ya somo wetu Mtakatifu Yakobo ina gamba la baharini kifuani, hajajibiwa kijana mmoja akadakia, kwani hija si mambo ya Waislamu? Muda ukawa umeisha, ndo naandika hapa.

Neno hija limetoka Kiarabu, wenzetu Waislamu wanaenda Makka, na sisi Wakatoliki tunalitumia kwa safari ya kwenda mahali patakatifu kusali, kutubu au kushukuru, ndo maana mwezi wa sita utaona mahujaji wanapanda basi kwenda Namugongo kule Uganda kwa Mashahidi. Kufika ni sehemu tu ya hija, maana ile njia yenyewe, uchovu wake na malengelenge yake, nayo ni sala.

Sasa Yakobo. Huyu ni mwana wa Zebedayo, kaka yake Yohane, mvuvi, na Matendo ya Mitume sura ya 12 inasema Herode alimuua kwa upanga, ilikuwa kama mwaka 44. Hiyo ni historia. Kinachofuata ni hekaya, na naomba tuelewane hapa, hekaya ya mtakatifu sio uongo, kwa Kilatini legenda maana yake ni mambo ya kusomwa, yaani simulizi iliyokuwa inasomwa kwenye sikukuu yake ili watu waamke kiimani.

Basi inasimuliwa wanafunzi wake waliuchukua mwili wakaupakia kwenye mashua isiyo na makasia, malaika wakaiongoza mpaka Galicia, Hispania. Wakamwomba malkia mmoja anaitwa Lupa sehemu ya kuzika, yeye akawatuma mlimani wakachukue ng'ombe wa kuvuta mkokoteni huku akijua kabisa wale ni mafahali wa porini wangewaua. Sisi tunaolima kwa maksai tunajua fahali ambaye hajafundishwa akoje! Wakapiga ishara ya msalaba, mafahali wakatulia wakafungwa nira, Lupa alipoona hivyo akabatizwa. Mimi hapa ndo napapenda kuliko pote.

Kaburi likasahaulika mpaka miaka ya 800 na kitu, mtawa wa upwekeni jina lake Pelayo akaona nyota zinawaka juu ya pori, akamwambia askofu Teodomiro, wakachimba wakakuta kaburi, mfalme Alfonso wa Pili akaja na kujenga kanisa. Mahali hapo ndo panaitwa Compostela, na wengi wanasema jina hilo linatokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya uwanja wa nyota.

Toka hapo watu hawajaacha kutembea. Njia inayojulikana zaidi inaanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, ni kama kilomita 780, yaani karibu Dar mpaka Mbeya kwa miguu, ila cheti cha hija unapewa ukitembea angalau kilomita 100, chukua Iringa mpaka Mafinga halafu ongeza kama 20 hivi. Na lile gamba alilouliza mama ni kombe la bahari ya Galicia, mahujaji wa zamani walirudi nalo kuonyesha wamefika kweli, na njiani walichotea maji ya kunywa.

Kuna anayeuliza, je mifupa ni yake kweli? Mwaka 1589 masalia yalifichwa kwa kuwaogopa Waingereza wa Francis Drake, nahodha wa meli za vita, yakaja kupatikana 1879, na 1884 Papa Leo wa 13 akatangaza kwamba ni yenyewe. Wanahistoria wengi bado wana mashaka, na ni haki yao, ila anayetembea wiki tano akimwombea mwanae mgonjwa hasubiri wamalize kubishana.

Sikukuu yake ni 25 Julai, ikiangukia Dominika kule Compostela unakuwa mwaka mtakatifu, na unaokuja ni 2027.