Mwani, bamvua na chuo kikuu kisichoondoka

"Mwalimu, mbona spinosi iko hai na kotonii inakufa? Zote nimezifunga siku moja, kamba ziko jirani."

Swali hilo, la aina mbili za mwani, mmea wa baharini unaopandwa kwa kamba, niliulizwa Jambiani, kijiji cha pwani ya Unguja, miaka mingi iliyopita na bibi mmoja aliyekuwa ameketi kivulini akifungua taitai za zamani, vile vikamba vya kufungia mwani, ili azitumie tena. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, na kabla sijakaa sawasawa akanipa swali lake. Nilikuwa tayari nina shahada ya uzamili ya botania ya bahari. Jibu sikuwa nalo, na wakati ule hakuna kitabu ambacho ningekifungua nikalikuta.

Nalikumbuka swali lile kila msimu wa udahili, wazazi wanaponiuliza chuo kikuu kikubwa cha umma kina faida gani zaidi ya kumpa mtoto cheti. Vyuo vyetu vyenyewe hujieleza kwa kazi tatu: kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii. Zikipangwa hivyo kwenye karatasi, mtu hudhani ni ofisi tatu zenye milango tofauti. Mimi nilizielewa nikiwa nimesimama kwenye maji ya magotini upande wa mashariki wa Unguja, na pale zilikuwa kazi moja. Ndiyo maana nataka kuzieleza kwa mwani.

Chuo ninachokizungumzia ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na wanafunzi 13 wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Muhimbili, Ardhi na kile cha kilimo cha Morogoro vyote vilikuwa sehemu yake kabla ya kusimama vyenyewe, kwa hiyo hata asiyewahi kukanyaga Mlimani huenda ametibiwa au kupimiwa kiwanja na mtu aliyefundishwa na mti huo. Nyerere aliwaambia wasomi wa enzi zile kwamba wao ni kama mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kingine. Akila asirudi, ni msaliti. Ni kipimo kikali, na nadhani ni cha haki, kwa sababu kodi iliyojenga maabara zile ilitoka kwa watu ambao wengi wao hawakufika hata darasa la saba.

Mtu mmoja aliyerudi na chakula ni Profesa Keto Mshigeni. Alisomea mwani hadi shahada ya uzamivu kule Hawaii, kisha akarejea kufundisha botania Dar es Salaam. Wakati huo mwani wa pwani yetu ulikuwa unaokotwa tu. Bahari inatupa, watu wanaokota, wafanyabiashara wanasafirisha ng'ambo. Biashara ya kuokota haina uhakika: mwaka huu bahari inatoa, mwakani inanyima, na mzigo unachanganyika na mchanga na majani mengine. Mshigeni aliandika na kusema, mwaka baada ya mwaka, kwamba jamii za mwani zenye faida zinaweza kupandwa hapa kama Wafilipino wanavyozipanda kwao. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Leo wakulima wa mwani Zanzibar wanahesabiwa kuwa zaidi ya 20,000, wengi mno kati yao wanawake.

Watu wengi husimulia habari hii wakaishia hapo: profesa alitafiti, wananchi wakapata kipato. Kwangu mimi hapo ndipo kazi ya chuo ilipoanza.

Kwanza tuelewe zao lenyewe. Mwani haupandwi kwa punje. Mbegu ni tawi tu lililokatwa kwenye mmea mkubwa, likafungwa kwa taitai kwenye kamba iliyovutwa kati ya vigingi viwili. Baada ya wiki sita hivi unavuna, unakata tena vipande, unafunga upya. Kipande kikikua kwa asilimia 5 kwa siku, baada ya siku 42 uzito wake unakaribia mara nane ya ule wa mwanzo. Kikikua kwa asilimia 2 tu, hata mara mbili na nusu hakifiki. Tofauti hiyo ya asilimia 3, ambayo jicho haliioni kwa siku moja, ndiyo inayoamua kama mama atalipa ada au atakopa. Ndiyo sababu wanafunzi wetu hukaa ufukweni na mizani wakipima tawi moja moja. Mgeni akiwaona hudhani wanacheza.

Aina zilizopandwa ni mbili. Spinosi ni sugu lakini bei yake ni ndogo. Kotonii hulipwa karibu mara mbili, kwa sababu utomvu wake huganda imara, na viwanda vya chakula, dawa ya meno na vipodozi huutaka. Kila mkulima angependa kupanda kotonii. Ila kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii ilianza kufa, shamba kwa shamba. Matawi yanageuka meupe kama barafu, yanalainika, yanakatika, mkondo unayachukua. Mkulima anashuka asubuhi, anakuta kamba tupu.

Jibu la swali la bibi yule lilipatikana kidogokidogo, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na Taasisi ya Sayansi za Bahari, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lililoanzishwa Zanzibar mwaka 1978. Dakta Flower Msuya, aliyefanya kazi katika taasisi hiyo, amekaa na wakulima wa mwani kwa miongo. Ukitaka kuelewa walichokibaini, anza na saa. Pwani ya Unguja, wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana, maji hukupwa kabisa kuanzia kama saa nne asubuhi kuelekea adhuhuri. Yaani maji huwa haba kuliko siku zote saa ileile jua linapopanda kichwani. Shamba lililo kati ya ufuko na mwamba wa matumbawe, penye mchanga mweupe na maji ya kifundo cha mguu, huchemka. Miezi ya kaskazi ndiyo mibaya zaidi. Masika nayo huleta maji ya mvua yanayopunguza chumvi ghafla. Mmea uliochoka kwa joto na kwa kubadilika kwa chumvi hushambuliwa na bakteria ambao siku nyingine usingewajali. Spinosi huvumilia, kotonii haivumilii. Na bahari inazidi kupata joto.

Kuna jambo la pili, ambalo wanafunzi huchelewa kulishika. Kwa kuwa mbegu ni tawi la kukata, shamba zima ni mmea mmoja uliokatwakatwa. Kotonii iliyopo kwa mama Fatuma na iliyopo kwa jirani yake ni damu moja, tena ni mwili mmoja. Ugonjwa ukimuweza mmoja umewaweza wote. Hapo utafiti ukageukia mwani wa asili wa pwani yetu wenyewe, kuona kama kuna ndugu wa kotonii aliyezoea joto la huku na anayeweza kupandwa.

Dawa iliyojaribiwa kwanza ilikuwa kuhamia maji ya kina, ambako joto halipandi sana. Vigingi havifai kule, kwa hiyo mwani ukatiwa kwenye nyavu ndefu zilizoshonwa mfano wa mrija, zikaelea. Kotonii ilikua. Kisha likajitokeza jambo ambalo maabara isingeliona: wanawake wengi wa vijiji vile hawakufundishwa kuogelea, na mashua si zao. Mbinu nzuri kwa mmea ikawa ngumu kwa mkulima. Watafiti wakarudi tena, safari hii pamoja na mafunzo ya kuogelea na ya kutengeneza na kuendesha vyombo. Wengine wakafuata njia nyingine, ya kuongeza thamani nchi kavu: sabuni, unga na mafuta ya mwani, kama wanavyofanya akina mama wa Kidoti.

Tazama mfululizo huu kwa umakini. Mnunuzi hununua, na bei ikianguka kwenye soko la dunia huondoka. Mradi wa wafadhili una miaka mitatu, pengine mitano, kisha gari linapigwa mnada. Taasisi ya chuo cha umma imekuwepo muda wote: kabla ya kigingi cha kwanza, wakati wa mavuno makubwa, wakati wa vifo, na sasa. Ina vipimo vya joto vya zamani vya kulinganisha na vya leo. Ina tasnifu za wanafunzi rafuni. Tasnifu ya uzamili inayosomwa na watu wanne inaonekana kama kazi bure, lakini mwanafunzi wa mwaka huu akitaka kujua kamba za Paje zilizaa kiasi gani kabla hajazaliwa, ataikuta humo. Kumbukumbu ya namna hiyo hakuna kampuni itakayoilipia.

Tena mwanafunzi aliyepima mwani si lazima awe mtaalamu wa mwani. Wengi niliowafundisha leo ni walimu wa sekondari, maafisa uvuvi wa wilaya, mmoja ni karani wa benki anayewaelewa wakopaji wa pwani kuliko wenzake. Hapo ndipo kufundisha kunapogeuka huduma kwa jamii bila mtu kuandika mradi wowote.

Kuna yanayoniuma. Matokeo mengi huandikwa kwa Kiingereza, kwenye majarida ambayo mkulima hawezi kuyafikia, na mwalimu hupandishwa cheo kwa makala zile. Siku nzima ya kukaa barazani na wakulima, kuwaeleza kilichopatikana kwa Kiswahili na kusikiliza wanapokataa, haina alama kwenye fomu. Nimeona vijana hodari wakiacha kwenda vijijini kwa sababu hiyo tu. Na jambo hili linashangaza, kwa kuwa chuo kilekile ndicho kilichotupa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, kikiwa na taasisi ya Kiswahili ambayo mizizi yake inarudi hadi kamati ya lugha ya mwaka 1930. Wataalamu wa istilahi wapo Mlimani, wataalamu wa mwani wapo Unguja, wote mwajiri wao ni mmoja. Ningependa kuona kijitabu cha magonjwa ya mwani kilichoandikwa na pande hizo mbili kwa pamoja, kwa maneno ambayo wakulima wenyewe wameyabuni, kwa sababu wanayo, na ni mazuri.

Bei nayo bado. Mkulima wa spinosi hukausha kilo saba mbichi au zaidi apate kilo moja kavu, na malipo yake hayalingani na mgongo wake. Hilo si swali la botania. Wachumi na wanasheria wa chuo wanapaswa kushuka ufukweni kama tulivyoshuka sisi.

Bibi yule wa Jambiani nilimrudia na jibu baada ya miaka. Nilimweleza joto, saa ya kupwa, chumvi, na ile habari ya mmea mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia joto alikuwa amelijua kwa miguu yake, ila hili la mmea mmoja hakuwahi kuliwaza. Kisha akauliza kama tawi la kotonii la Pemba ni mwili uleule na la kwake, au ni jingine. Bamvua ijayo wanafunzi wawili wanavuka kwenda kuchukua sampuli.