Je, wajua kwa nini Thailand, iliyofunga misitu yake, huuza mbao ngumu nyingi kuliko Myanmar?

Fundi seremala akitaja mbao ngumu, wengi wetu huwaza mninga, mkongo au msaji. Kitaalamu, hata hivyo, jina hilo ni la mbao za mti wowote wa majani mapana, hata kama ubao wenyewe si mgumu sana, na bila kulijua hilo ni vigumu kuelewa jinsi biashara ya nchi hizi mbili jirani ilivyopinduka.

Zote zilianza na msaji, mti uleule unaopandwa Mtibwa na Longuza nchini Tanzania. Huko Myanmar, iliyoitwa Burma chini ya Waingereza, gogo lilichukua miaka kufika bandarini. Msaji mbichi huzama majini. Kwa hiyo mti ulichongwa mkanda kuzunguka shina, ukaachwa ukauke ukiwa umesimama kwa miaka ipatayo mitatu, ndipo ukaangushwa na kukokotwa na tembo hadi kwenye kijito, kusubiri mvua za msimu ziusukume kuelekea Yangon au Moulmein. Siam, yaani Thailand ya leo, nayo ilivunwa na kampuni za Ulaya, na idara yake ya misitu ilipoundwa mwaka 1896 mkuu wa kwanza alikuwa Mwingereza Herbert Slade, aliyetoka idara ya misitu ya Burma.

Njia ziliachana mwishoni mwa 1988. Mwezi Novemba, mafuriko na maporomoko ya ardhi kusini mwa Thailand yaliua mamia ya watu, magogo yakishuka milimani pamoja na tope na kufunika vijiji. Januari 1989 serikali ilifuta vibali vya kuvuna misitu ya asili. Viwanda vya mbao, hata hivyo, bado vilihitaji magogo, na mwaka huohuo watawala wa kijeshi wa Myanmar, waliokuwa wakisaka fedha za kigeni, waliwapa Wathai vibali vya kukata miti mpakani. Shoka lilivuka mpaka tu, kwa hiyo sifa ya uhifadhi tusiitoe kwa haraka.

Kilichoirudisha Thailand sokoni ni mti wa mpira, ambao kwa kuwa na majani mapana nao huhesabiwa kuwa wa mbao ngumu. Mkulima huugema utomvu wake kwa takriban miaka 25, na mazao yakipungua huung'oa ili apande mpya. Zamani shina hilo lilikuwa kuni tu, kwa sababu likishakatwa huvamiwa na ukungu na wadudu ndani ya siku chache. Siku hizi hupasuliwa karibu na shamba, mbao zikaingizwa dawa ya boroni kwa shinikizo kisha zikakaushwa katika tanuri, na shehena kubwa huelekea China kutengenezewa samani.

Myanmar ilibaki na msaji wa asili, unaokomaa kwa miongo mingi. Ilipiga marufuku kuuza magogo nje kuanzia Aprili 1, 2014, ikasitisha ukataji kwa mwaka mzima kuanzia 2016, na baada ya mapinduzi ya Februari 2021 shirika lake la mbao likawekewa vikwazo na Marekani na Umoja wa Ulaya. Kwa mita moja ya ujazo, msaji wake bado ni ghali kuliko mbao za mpira kwa mbali. Wenye mashua za anasa huutamani kwa sitaha zao, na baadhi yao wameendelea kuutafuta hata baada ya vikwazo.