Si lazima afungiwe ndipo atibiwe

Visiwani kwetu Zanzibar imekaa imani ya siku nyingi: kijana wa unga, yaani heroini, hatibiki mpaka afungiwe, iwe soba hausi (nyumba ya kuwaachisha watu dawa za kulevya) au chumba cha uani, arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, imtoke. Naielewa, mama aliyeuziwa hadi sufuria zake amechoka. Lakini arosto kuisha siyo kupona. Mwili uliokaa bila unga hupoteza ustahimilivu, na kipimo alichokizoea zamani kinaweza kumuua siku anaporudia.

Ipo njia ya kati: matibabu ya kutwa. Mgonjwa huenda kituoni asubuhi, akapata ushauri nasaha, vikao vya kundi na uangalizi wa daktari, kisha akalala kwao. Marekani mpango huu huchukua angalau saa 20 kwa wiki. Hapa Unguja, kliniki ya Kidongo Chekundu ya methadoni (dawa ya kunywa badala ya heroini, inayozuia arosto), iliyoanza 2015, huwanywesha watu dawa kila siku nao wakarudi majumbani. Si kitu kile kile, ila inaonyesha kuwa kitanda cha wodi si sharti.

Mlevi wa pombe anayepata degedege akiacha, huyo alazwe kwanza. Na anayelala nyumba moja na muuzaji, ya kutwa haitamtosha.